Pale Ulipokuwa Ukisimama, Mjomba

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, kisha nikakaa kusubiri marahaba yako kama mjinga.

Tulikusomea arobaini Alhamisi kule mlimani, Jumatatu nikarudi Mwembesongo kwenye mtaro wetu. Uchochoro ni ule ule, kijiko chetu kidogo cha kuchimbia kikiingia hata mtu wa miguu hapiti. Masika yamekaribia na hatujafika nusu. Tusipomaliza, maji ya mlimani yataingia tena ndani kwa Bi Mwanaidi, na wewe ndiye uliyemwahidi kwamba mwaka huu atalala pakavu.

Kigari chako cha kubebea udongo kapewa Hamza, mtu mzima, mpole, kazi anaijua. Mimi ndiye niliyekosea. Nilichimba, nikainua ndoo, nikazungusha mkono wa kijiko nyuma na kumwaga bila kugeuka. Si ndivyo tulivyofanya miaka yote? Kila tulipochimba uliweka lile jiwe jeupe kando ya ukuta, tairi lako la nyuma likiligusa unasimama, na mimi nikimaliza kuzungusha uko hapo. Lakini Hamza alikuwa ameshuka kuondoa baiskeli ya mtu njiani. Udongo wote ulianguka hatua moja mbele ya miguu yake.

"Dada, mimi bado sijafika," akasema.

Nikazima mashine nikalia mbele ya watu, mimi niliyejikaza msiba mzima. Nilikukasirikia pia, Mjomba. Presha unayo, dawa unaziacha dirishani, halafu unaniachia kazi ya watu wawili!

Unakumbuka ndugu walivyokucheka? Fundi mzima unampa mpwa wako wa kike kijiko, wewe unaendesha kigari. Ukawajibu, "Yeye achimbe. Mimi nitakuwepo." Nami nikavimba kichwa, nikajiona hodari. Kumbe nusu ya uhodari huo ilikuwa yako.

Jana nilimwonyesha Hamza jiwe. Akarudi nyuma polepole mpaka tairi likagusa. Nikageuka, nikamtazama, akainua mkono, ndipo nikamwaga. Tunachelewa kidogo kwa mtindo huo, na msimamizi ananung'unika, lakini leo tumefika mlango wa jiko la Bi Mwanaidi. Ametuletea uji, vikombe vitatu. Cha tatu hakuna aliyekigusa.

Kwaheri, Mjomba wangu. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi, wewe uliyemaliza umri wako ukifanya kazi kwenye vichochoro. Mtaro nitaufikisha mwisho. Na nakuahidi, sitamwaga tena kabla ya kugeuka kumwona aliye nyuma yangu. Ni wewe peke yako ambaye sikuwahi kugeuka kukutazama, kwa sababu haikuwahi kunijia kwamba siku moja hutakuwepo.

Mpwa wako,
Tatu