Baba yake Limi anasubiri nitaje ng'ombe

Eustace, niko Samuye kwa kina Limi, yule mwanachuo ninayemwelekeza kwenye programu huria za kompyuta. Nimekwama.

Nilikuja kumsalimu mzee tu. Kumbe ameita na wajomba!

Ananiuliza: "Hulipwi, wala si ndugu yetu. Mwanaume gani anamsahihishia binti wa mtu kazi kila siku, bure?"

Bure, Eustace! Nikamweleza kwamba sote kwenye programu hizo tunajitolea. Wajomba wakacheka. Mzee akaendelea:

"Taja ng'ombe wa mahari, kijana. La sivyo kompyuta yake naifungia leo." Na mwisho wa kuwasilisha kazi yake ni kesho!

Limi ameleta maji ya kunawa. Akainama, akaninong'oneza: "Mwalimu, taja hata wawili, nimalize kwanza."