Kura na Kula

Mjukuu wangu Amina,

Assalaam alaykum. Huku Kimisagara hatujambo. Bibi yako anasema kwenye picha umekonda. Mimi nalaumu simu.

Unauliza kama ulikosea kumtoa Zawadi kwenye kundi lenu la mtandaoni kwa kuwa alimcheka mwanasiasa wenu. Sina fatwa, nina kisa cha upumbavu wangu tu.

Mwanzoni mwa 1994 nilikuwa fundi cherehani, kibanda kimoja na rafiki yangu Shabani. Nilimpenda mheshimiwa mmoja hadi nikajishonea kofia kama yake, ikanibana masikio. Siku moja mkutanoni akataka kutufurahisha sisi Waswahili kwa lugha yetu: "Ndugu zangu, nipeni kula!" Unajua r na l katika lugha ya nchi hii ni mapacha.

"Leo kasema ukweli," Shabani akacheka. "Anataka kula."

"Amesema kura!"

"Fundi, sasa unamshonea mpaka ulimi?"

Waliotuzunguka wakaangua kicheko. Nikanuna. Kila asubuhi Shabani akiingia, "Salama, fundi?", mimi nakanyaga cherehani tu. Mheshimiwa hakujua hata jina langu. Shabani alijua kipimo cha shingo yangu bila futi.

Nilijiambia nitamwitikia hasira zikipoa. Ikaja ile Aprili ya mauaji ya kimbari. Shabani hakurudi kibandani, na salamu yake ninayo mpaka leo, sijaiitikia.

Umeandika kwamba Zawadi bado anakutumia salamu.

Babu yako,
Fundi Yusufu