Waliosimama Upande wa Espoir

Kauma, Lilongwe

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama, kwa mikono miwili. Mgongo wako unaendeleaje na hiyo cherehani? Mvua imeanza Bukavu? Sisi ni wazima, na mimi, Baba, nina furaha mpaka naona haya. Asubuhi namtazama Espoir amelala, miwani bado usoni, nacheka peke yangu.

Najua furaha hiyo wewe hukuwa nayo. Uliruhusu ndoa, ukamwomba Shangazi asimame mahali pako, lakini baraka hukuitoa. Ulisema kwenye simu, "Mutu asiyekuwa na bantu, nani anamujua?" Sikukasirika. Ni kweli vita vilimwacha Espoir bila ndugu hata mmoja. Lakini sikiliza yaliyotokea siku ya harusi.

Kwanza kazi yake. Espoir ni mtafiti katika maabara hapa Lilongwe. Kwa wanga wa muhogo anatengeneza utando mwembamba wa kufunika kidonda cha moto, usioshika nyama unapobanduliwa. Kisha huandika makala kueleza alivyofanya. Jioni moja kabla ya harusi alikuja akirukaruka: madaktari wa Brazil wamemtaja katika makala yao.

"Bamekulipa?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Baliomba ruhusa?"

"Hapana, chérie. Balitumia njia yangu, bakaandika jina yangu."

"Banakuibia na we unacheka!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Baba yako ni fundi," akasema. "Fundi mwingine wa mtaa wenu wa Kadutu akishona kola kama yake, akaambia bateja, 'Hii nilijifunza kwa Fundi Mulonda,' baba yako ameibiwa?"

Hapo nikaelewa. Na wanaomtaja ni wengi, Baba! Si madaktari tu. Hata wanaotengeneza vifungashio wanatumia utando huohuo kufunikia matunda yasioze haraka. Akili moja, inatibu ngozi ya mtoto na kulinda embe! Nami ndiye ninayempikia nsima, ugali wa huku.

Basi, siku ya harusi tulikuwa ukumbini, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mshereheshaji akaita, "Famille ya bibi, isimame!" Upande wetu ukasimama kwa vigelegele. Akaita, "Famille ya bwana!" Mabenchi ya kule yalikuwa matupu, isipokuwa profesa wake, ambaye ni mama wa Kimalawi, na wenzake wawili wa maabara. Espoir akatazama viatu vyake. Nilimshika mkono.

Profesa akasimama, akasema kwa Kichewa, Shangazi akitafsiri: "Huyu iko na bantu, ila bako mbali. Kule India, bauguzi ba vidonda bya moto banamutaja kila bakiandika."

Mshereheshaji akadakia, "Nani atasimama pa nafasi ya India?"

Mama Zaina wa Kindu, anayeuza vitenge sokoni, akainuka. "Mi njo India! Bwana arusi ni mutoto wetu!" Akavuka ukumbi, akaketi upande wa Espoir.

Profesa akataja wale madaktari wa Brazil. "Na Brésil?" akauliza mshereheshaji.

"Brésil iko hapa!" akajibu mwendesha kabaza aliyenileta kwa baiskeli yake. "Na mupira nacheza!"

Watu wakacheka. Profesa akataja Japani, akataja Misri, na kila nchi ikapata mtu wa kuisimamia. Shangazi akaacha kutafsiri, akalalamika, "Bote munahamia kule, munaniachia bibi arusi peke yangu?" Mabenchi yakajaa, wengine wakakosa pa kukaa. Espoir alilia mbele ya wote bila kujificha, nami nikampenda upya.

Msalimie dada yangu mkubwa na mumewe, msalimie bibi mzaa mama, na yule mwanafunzi wako anayekata suruali mguu mmoja mfupi.

Baba, watu wale wa mbali hawajamwona Espoir hata mara moja. Wanamtaja kwa sababu kazi yake imewafaa. Wewe pia hujamwona, lakini mimi unanijua, na unasoma mwenyewe jinsi ninavyoishi naye. Kila jioni kabla ya kula unataja watoto wako katika sala, kuanzia mkubwa, mpaka unafika kwangu. Leo ukifika kwangu, usiseme amina kwanza. Ongeza jina moja.

Mama atanipigia kuniambia. Nitaketi na simu mapajani.

Binti yako wa mwisho, mke wa Espoir,
Neema