Sindano ya Mgongo

Jumatatu, 3 Machi. Kakuma
Nimeshona sare mbili, uzi umekatika kila mara. Mume wangu Ekai amerudi mapema kutoka karakana, ati kichwa. Mwili moto. Amenunua dawa ya malaria dukani bila kupimwa. Nimemgombeza.

Jumanne, 4 Machi
Mungu wangu. Ameanguka mlangoni. Macho juu, meno yameumana, mwili wote unaruka. Hajawahi maishani! Majirani wamesimama mbali, ati kifafa, povu litawaambukiza. Wajinga. Mmoja alileta kijiko amtie mdomoni. Nyandeng, jirani yangu kutoka Sudan Kusini, akamfukuza, tukamlaza Ekai kwa ubavu. Ilipoisha hakunijua.
Zahanati: malaria hakuna, sukari sawa, shingo haikunjiki. Degedege mimi nilidhani ni ya watoto. Nesi amesema mtu mzima akishikwa mara ya kwanza, tena na homa, harudishwi nyumbani. Wamemdunga dawa, tukapakiwa kwa ambulansi kwenda hospitali ya Lodwar. Njiani ameshikwa tena. Nimelia kwa sauti.

Jumatano, 5 Machi. Lodwar
Picha ya kichwa ni safi. Daktari anashuku homa ya uti wa mgongo. Anataka kutoa maji ya mgongo kwa sindano. Shemeji Lokwang, kaka yake mkubwa, amefika kutoka Katilu na amekataa kabisa. Kuna mtu wao alidungwa hivyo, akazikwa. Daktari anasema ugonjwa ndio ulimuua. Dawa zinaendelea, lakini bila hayo maji wanabahatisha.
Ekai hajitambui, hawezi kuamua; sahihi ya kukubali ni yangu mimi mkewe. Shemeji ameniambia, "Ukiweka sahihi akafa, usikanyage kwetu."
Nimeweka.

Alhamisi, 6 Machi
Maji yametoka meupe, kama yaliyooshewa mchele. Ni bakteria. Sasa wanajua dawa gani. Shemeji haongei nami. Ekai amelala tu. Kila saa namshika miguu nione kama ina joto.

Jumamosi, 15 Machi
Homa imeisha. Degedege haijarudi. Amekula ugali.
Nimeketi kushoto kwake, nikamwita. Kimya. Nikamwita kwa nguvu. Shemeji akainua kichwa, Ekai hata hakugeuka. Nikazunguka kulia. Akageuka: "Umekuja saa ngapi?"
Daktari anasema ugonjwa umeharibu sikio la kushoto, huenda lisipone.
Shemeji ameinuka, akahamisha kiti changu upande wa kulia. Nimeketi.