Bakuli la Pili

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Shikamoo yako ilinifikia wiki tatu zilizopita, nami nimekaa nayo kimya kama mtu asiyefunzwa adabu. Nisamehe. Natumaini magoti yameacha kukusumbua, na kwamba ile cherehani mpya imekoma kukata uzi kila unapokunja kona. Mimi sijambo. Kifua kimetulia, macho bado yanaona herufi ndogo, na meno machache niliyobaki nayo yanaelewana.

Najua umeshasimama hapo kwenye neno mimi. Miaka yote nimekuwa nikikuandikia kwamba sisi huku hatujambo. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Soma taratibu, kama unavyofumua mshono wa mtu mwingine. Nitafika.

Umeniandikia kwamba mwezi ujao unafunga duka siku kumi uje kututembelea. Unataka ukae na wifi yako, mmalize maneno yaliyobaki kati yenu tangu mazishi ya mama. Tena umeshamnunulia kitambaa cha gauni, na unaomba nikutumie upesi vipimo vya mabega na kiuno. Nilishika kalamu siku ile ile nikujibu. Sikuandika kitu. Sababu yake ni ndefu kidogo, na lazima nianzie kwenye mgahawa wa Wachina.

Mji wetu huu mdogo una mgahawa mmoja wa namna hiyo. Uko kati ya duka la vipuri vya baiskeli na mahali pa kutolea fotokopi. Una meza sita zenye vitambaa vya plastiki, feni moja inayokoroma, na kalenda ya miaka minne iliyopita ambayo haitolewi ukutani kwa sababu picha yake ya mlima inapendwa. Mwenye mgahawa anajulikana mji mzima kwa jina la Mama Tambi. Mumewe ndiye mpishi, na kwa muda mrefu sikuwahi kumwona zaidi ya mkono: unatokeza kwenye kidirisha cha jikoni, unaweka sahani, unarudi ndani. Kiswahili chake Mama Tambi amekiokota sokoni kwa wauza mboga, kwa hiyo alijua kubishana bei kabla hajajua kusalimia.

Niliingia humo mara ya kwanza Alhamisi moja ya mvua, mwaka mmoja na miezi minane iliyopita. Nilisimama mlangoni nikikung'uta mwavuli, nikasema kama mimi na wewe tulivyofunzwa kusema tukiingia kwa watu: tumefika mama, tunaomba chakula. Akaniweka kwenye meza ya dirishani. Akaleta vikombe viwili, vijiti jozi mbili, mabakuli mawili. Nikaagiza tambi na mboga, akaandika, akaenda zake. Chakula hakikuja. Baada ya nusu saa nikamwita, naye akaniambia kwa upole kwamba tumsubiri mwenzangu, maana tambi zikishapoa haziwi tambi tena.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chiriku, nimesahihisha maandishi ya watu katika kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na sita. Hili jina la Nukta ulinipa wewe mwenyewe kwa sababu nilikuwa nakurudishia barua zako zikiwa na alama nyekundu. Kosa lililokuwa mbele yangu lilikuwa la silabi moja tu. Ningesema niko peke yangu, angeondoa bakuli moja, basi. Badala yake nikasema mwenzangu amechelewa, labda ni hii mvua.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi saa saba mchana nikifika nakuta mabakuli mawili. La pili hulifunika juu chini lisiingie vumbi. Nikimaliza, Mama Tambi hunifungia sehemu ya pili kwenye kopo, na kuniagiza nimpelekee mama, ndivyo alivyomwita mke wangu, akiwa bado ana njaa. Nilikuwa naila Ijumaa, nimesimama, karibu na jiko. Wiki ya tatu aliponiuliza kwa nini mama haji, nikamtengenezea miguu mibovu. Wiki ya tano nikamwongezea na meno.

Mtaani hawakosekani wachokozi. Fundi baiskeli wa pale jirani, ambaye huja kula akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi, aliniuliza siku moja, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kama mke wangu ni mtu au ni jini, maana mabakuli ni mawili lakini mwavuli mmoja. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia wake za watu si matairi, hawaning'inizwi nje watu wawaone. Mama Tambi akamkaripia kwamba mzee asichezewe, aliye na mgonjwa nyumbani hafanyiwi masihara. Ukali wake ulinipendeza. Kwa robo saa nzima nilijisikia mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Usidhani nilikuwa na raha. Lakini nyumbani kwangu ukiweka kijiko mezani jioni, asubuhi utakikuta hapo hapo kikiangalia upande ule ule. Pale mgahawani walau kulikuwa na kitu kinachomngoja mtu.

Tukazoeana. Ukinipa kitu cha kusoma huwezi kunizuia nisikisahihishe, unanijua, na orodha yao ya vyakula ilikuwa inaniwasha mikono. Walikuwa wameandika mchele wa kukaanga, kana kwamba mtu anatafuna punje mbichi. Kulikuwa na supu ya mama, walipokusudia supu ya nyama. Kuku wa pilipili walimwita kuku mwenye hasira. Niliomba ruhusa, nikapitisha kalamu nyekundu. Mama Tambi alikubali yote isipokuwa kuku. Alisema huyo aachwe na hasira zake, wateja wanamwagiza kwa sababu hiyo. Baada ya hapo akawa na daftari, na kila nikimaliza kula ananivutia kiti, ananiuliza maneno.

Alhamisi iliyopita aliniuliza tofauti ya ninaomba na tunaomba. Nikamweleza vizuri kabisa, kwa fahari ya mwalimu. Nikamwambia ninaomba ni mtu mmoja, tunaomba ni wengi. Lakini sisi tuliolelewa kwa namna fulani husema tunaomba hata tukiwa mmoja, kwa sababu kujitaja wewe peke yako kunasikika kama majivuno. Mtu anaulizwa hali akiwa kitandani kwake peke yake, anajibu hatujambo. Nilikuwa bado nasema alipoweka kalamu chini. Aliangalia mlango, akaangalia bakuli lililofunikwa, akahesabu kitu kwa vidole. Kisha akasema polepole, akichagua neno kwa neno, kwamba kumbe siku ile ya mvua mlikuwa mmoja.

Mlikuwa mmoja. Nimesoma vitabu vingi, mdogo wangu, wala sikumbuki sentensi iliyonisoma mimi namna hiyo. Wala sikuisahihisha.

Alimwita mumewe kwa lugha yao. Kwa mara ya kwanza ule mkono ulitoka jikoni ukiwa na mwili wake: mzee mfupi, mwenye aproni, anayefanana na mfanyakazi wa posta aliyestaafu. Wakazungumza. Mama Tambi akanieleza kwamba miezi yote hiyo mumewe amekuwa akichambua minofu laini kwa ajili ya meno ya mama, na anauliza kama ilikuwa mitamu. Nikasema ilikuwa mitamu. Sikupata pengine pa kuangalia ila ile kalenda. Nilitegemea achukue bakuli aondoke nalo. Hakulichukua. Aliniuliza tu, bila hasira, kama mke wangu mwenyewe anajua kwamba kila Alhamisi yeye huja kula hapa.

Sasa nimefika, Chiriku. Kaa kwenye kiti chenye egemeo.

Wifi yako hayupo hapa. Ana miaka miwili sasa tangu aondoke. Hakufukuzwa, hakuchukuliwa na mtu, na miguu yake ni mizima kuliko yangu. Aliosha vyombo vya chakula cha mchana, akavipanga, akavaa viatu, akaenda kwa binti yetu, ambako yuko mpaka leo. Salamu zote nilizokuandikia kwa jina lake tangu hapo nilizitunga mimi. Hata ile ya kukusifia shughuli ya kufungua duka. Yeye hajui kama ulifungua duka.

Alichoniambia akiwa mlangoni ni kifupi. Alisema miaka thelathini na moja nimekuwa nikisema tumeamua, tumeona, tumependa, na kwamba yeye kila mara hujitafuta humo ndani asijione. Nilimjibu kwamba hayo ni mazoea ya lugha tu. Ndivyo nilivyomjibu, Mungu shahidi. Akafunga mlango taratibu.

Lakini ninalotaka ulijue zaidi ya yote ni hili. Mama alipofariki nilikuandikia kwamba tumeshindwa kuja. Ukakasirika, na ilikuwa haki yako, ila hasira ukaipeleka kwa wifi yako. Ukamwandikia kwamba amemfunga kaka yako kamba mguuni, na kwamba hutamwita wifi tena. Chiriku, yeye alikuwa ameshafunga begi. Lilikuwa mlangoni, na kanga mbili nyeusi juu yake. Aliyeshindwa ni mimi. Nilikuwa nimeaga nikisema nitarudi na mtambo wangu mwenyewe wa kuchapa, na nilikuwa bado nasahihisha koma za watu wengine. Niliona aibu kuingia mtaani kwetu mikono mitupu, hata nyuma ya jeneza la mama. Wifi yako aliisoma barua yako, akaniangalia, akangoja nikuandikie ukweli. Sikuandika. Aliikunja akaiweka kwenye droo, na hakunisema tena. Hukuwa na la kumaliza naye. La kumaliza lilikuwa langu, nami nimewaacha mlibebe ninyi wawili miaka kumi na minne.

Ulipoomba vipimo ndipo nilipogundua sivijui. Sijui mabega wala kiuno cha mtu niliyelala naye chumba kimoja miaka thelathini na moja. Kwa hiyo muulize mwenyewe. Anwani ya binti yetu nimeiandika kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii. Mwandikie kabla hujakata tiketi, umwambie nilichokwambia, umpe na barua hii aisome ikibidi. Akikubali, nenda kwake kwanza na gauni lako. Siku ukibakiwa nazo, na moyo ukikuruhusu, basi la kuja huku linafika saa sita na nusu. Usipokuja sitauliza.

Leo ilikuwa Alhamisi. Nilikaa nje ya duka la vipuri muda mrefu nikijifanya naangalia kengele za baiskeli, mpaka fundi akaniuliza kama nanunua kengele au farasi. Kisha nikaingia, nikasema: nimefika mama, naomba chakula. Ulimi ulikuwa mzito, kama mtu anayejitaja mahakamani. Mama Tambi aliifuta meza. Akaleta kikombe kimoja, vijiti jozi moja, bakuli moja, na meza ya dirishani ikawa kubwa, sikujua mikono niiweke wapi. Mpishi alinipa kuku pamoja na mifupa yake, kama watu wengine. Nilikula kila kitu. Wakati wa kuondoka niliona bakuli la pili limeoshwa, limewekwa kwenye rafu ya karibu, si ile ya juu.

Nisalimie wanangu wote hapo, na majirani wanaonikumbuka. Hapa ndipo huwa naandika kwamba wifi yako anakusalimu sana. Hakusalimu, hajui kama naandika. Anayekusalimu ni mimi.

Ndimi kaka yako,

Nukta