Mama Polepole Anarudisha Michango

Ofisi ya Ushauri,
juu ya mashine ya kusaga,
Jumamosi asubuhi

Mpendwa Shangazi,

Na huyu naye amerudishwa! Ndiye wa nne. Muuza mkaa kapanda ngazi na bahasha yake, kavaa shati la pasi kabisa, kafika mezani kwa Mama Polepole kutoa mchango. Sasa anashuka na bahasha ileile mkononi, tena anashukuru.

Nisamehe, nimeanza kama mtu anayekimbizwa. Shikamoo Shangazi. Mgongo unaendeleaje? Na yule jogoo wako anayefukuza wageni, bado yupo? Sisi huku wazima, ila Mama ana mafua na anasema mimi ndiye niliyeyaleta. Baba anauliza kila siku kama umeandika.

Ofisi hii ndiyo ile inayoshughulikia kiwanja chako. Faili lako limo kwenye kabati lao la bati, droo ya pili, nimeliona kwa macho yangu, na kesi inaitwa mwezi ujao. Shida ni kwamba mwenye jengo anataka ghorofa hii aweke magunia. Leo ndiyo mwisho. Chumba kingine kimepatikana mtaa wa nyuma, lakini mwenyewe anataka kodi ya miezi mitatu mkononi kabla ya saa sita. Tukikosa, anampa mtu wa kamari, na ofisi inafungwa. Ikifungwa, nani atasimama na wewe mbele ya wale jamaa wa ardhi? Mimi? Mimi hata kuagiza chai naona aibu.

Kuhama kwenyewe, Shangazi, hata bila kufukuzwa tungehama tu. Mashine inanguruma hapa chini kutwa, kwa hiyo mtu akija na siri yake lazima apige kelele ndiyo asikike. Juzi baba mmoja mtu mzima anaeleza mambo yake kwa sauti ya juu, mashine ikazima ghafla, benchi zima la wanaosubiri likasikia, "MKE WANGU HAJUI!" Alishuka ngazi kajifunika gazeti. Mke wake alikuwa chini, anasaga.

Utauliza fundi baiskeli kama mimi nimeingiaje kwenye kamati ya michango. Waliuliza nani hataki. Nikaona aibu kunyoosha mkono.

Sasa huyu Mama Polepole, mkubwa wa ofisi, ni mtu mwema sana. Ndiye aliyenirudishia vyombo vyangu vya kazi mwaka jana kwa barua ya mistari mitatu. Lakini miaka kumi na tisa kazi yake ni kuwazuia watu wasitoe pesa wasizoziweza. Leo watu wanaleta pesa, na yeye hajui kuacha. Muuza mkaa alipofika tu:

"Polepole, mwanangu. Kwanza tuangalie. Ada ya mtoto umelipa?"

"Bado, Mama."

"Kodi ya banda?"

"Nusu."

"Sasa hii unampa nani?"

"Si nyinyi, Mama! Mmetangaza kwa spika mtaa mzima."

"Rudi nayo nyumbani. Na usimwonyeshe mtu njiani."

Kwenye ndoo ya michango tuna kodi ya mwezi mmoja. Karibu yote imeingia alipokwenda msalani. Nimewaza nimpe maji mengi ya kunywa.

Shangazi, niliacha kalamu, nimerudi. Naandika mbiombio, usiulaumu mwandiko.

Mwenye chumba amekuja. Tunamwita Bi Funguo, kwa vile ana vyumba kumi na vinne na funguo zote zinalia kiunoni. Kumbe alishafika zamani, kakaa kwenye benchi na wenye shida, anatazama. Akamwona fundi cherehani naye anarudishwa. Akainuka.

"Wewe mama una akili sawasawa? Mchango unarudishwa?"

"Hana uwezo, dada."

"Na kodi yangu je?"

"Ya mwezi mmoja ipo. Ya miwili sina, sikudanganyi."

Bi Funguo akatazama ndoo, akamtazama Mama Polepole. Akaanza kupaza sauti juu ya mashine. "Kila tarehe moja wapangaji wangu wote wanafiwa na bibi! Kuna mmoja nimeshamzikia bibi saba! Mtu wa kurudisha pesa za watu sijawahi kumpata. Lete hiyo ya mwezi mmoja, mhame leoleo."

Benchi likapiga makofi. Mimi nikashusha pumzi. Ndipo nikasikia:

"Polepole, dada. Kwanza tuangalie. Una mkopo wowote?"

Bi Funguo akakaa. "Ninao. Wa mabati."

"Sasa mwenye mkopo wa mabati anapunguzaje kodi?"

Bi Funguo akaanza kukuna kichwa. Shangazi, nilikiona kiwanja chako kinaondoka. Sijui sauti ilitoka wapi. "MAMA, LEO USIMSHAURI MTU!" Na mashine ikazima hapohapo. Mtaa mzima ulinisikia. Kuna mtu huko chini akajibu, "Sawa!"

Nilitamani kuingia kwenye droo ya pili nilale na faili lako. Lakini Bi Funguo alicheka mpaka funguo zikacheka naye. Akachukua pesa, akatoa ufunguo mmoja, akanikabidhi mimi. Mimi, Shangazi.

Nisalimie Mjomba wa dukani, mwambie baiskeli yake ailete, nitamtengenezea bure. Wasalimie na mabinti zako wote wawili. Mungu akupe afya na akulinde na wapimaji wa ardhi.

Ningeandika zaidi ila inabidi niondoke sasa hivi. Vijana wa mashine wametupa mkokoteni bure, maana na wao wanataka tuhame. Kabati limeshashushwa, limebaki kusukumwa. Bi Funguo bado yuko kwenye benchi, na Mama Polepole kamshika mkono, anamuuliza kwa upole riba ya ule mkopo ni kiasi gani. Faili lako lazima liwe ndani ya chumba kipya kabla hajafika mwisho wa ushauri.

Mwana wa kaka yako, anayekupenda huku anakimbia.