Sinema Aliyonitafsiria Eriki

Jumapili, 11 Novemba 2018

Na leo pia Eriki hajapokea simu. Mwanangu yuko Houston kwa shangazi yake tangu Agosti, na ni mimi niliyemfukuza.

Kiingereza cha sinema kinanikimbia, kwa hiyo tangu tufike Fort Worth yeye ndiye aliyekuwa akinitafsiria, tumekaa kwenye kochi. Usiku mmoja wa Agosti kijana wa kwenye sinema alianza kulia. Eriki akatafsiri polepole, "Baba, mimi napenda wavulana. Usinichukie."

Kisha akawa ananiangalia mimi, si televisheni.

Nikasema, "Zima uchafu huo. Angekuwa wangu, asingelala humu."

Akazima. Asubuhi hakuwepo, wala begi lake.

Niliungama kwa padri hasira tu, akanipa kitubio cha Salamu Maria tatu. Nikajiona nimemaliza.

Leo baada ya misa binti yangu Klara, niliyekwisha kumsimulia ile sinema, kaniambia bila hata kugeuza uso, "Baba, ile sinema nimeiona. Yule kijana hana baba. Pale alikuwa anaongea na mama yake."

Kwa hiyo lile neno "Baba" halikuwa la sinema. Eriki alikuwa anasema na mimi. Na mimi nikamjibu.